Watazamaji 380,000, dola 11: hela ya matangazo ya YouTube hupita wapi?

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani hapa Tanga, nina chaneli ya mapishi YouTube yenye wafuatiliaji 6,400. Mwezi uliopita video yangu fupi ya vitumbua ilitazamwa mara 380,000, nikaona nimeandikiwa dola 11 tu. Shemeji yangu yeye anaonyesha mambo ya ujenzi. Video yake moja ya dakika 14 imetazamwa mara 21,000 na ameandikiwa dola 38. Tena mimi tangu nikubaliwe kuweka matangazo, mwezi wa nne sasa, sijashika hata senti mkononi. Je, YouTube wananidhulumu, au kuna kitu nakosea? Na je, niache mapishi nifuate ujenzi kama shemeji anavyonishauri?

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nianze kwa kukutoa hofu. Hesabu yako na ya shemeji zote zimekaa sawa, hujadhulumiwa. Lakini naelewa kwa nini imekuuma. Mara 380,000 ni idadi inayokaribia wakazi wa Jiji la Tanga katika sensa ya 2022. Mtu ukishaipiga picha hiyo kichwani, kwamba ni kama mji mzima umepita jikoni kwako, halafu unaambiwa chukua dola 11, lazima ujiulize nyingine zimekwenda wapi.

Neno la kulishika kabla ya yote ni hili: YouTube haina bei ya mtazamaji. Wapo watu wanaouza mafunzo mitandaoni na kudai kila watazamaji 1,000 wana kiasi chao maalumu. Hakuna kiasi hicho. Mtazamaji hakulipi, na YouTube nayo haitoi mfukoni mwake. Anayelipa ni mwenye tangazo: benki, kampuni ya simu, kiwanda cha saruji, duka la mtandaoni. Hela yako ni sehemu ya hela yake, na kama yeye hakutokea, hata watazamaji wako wajae vipi, hakuna cha kugawana.

Umewahi kusimama pale Deep Sea asubuhi samaki wanapopigwa mnada? Kolekole ni yule yule, lakini bei yake leo inategemea nani ameamka kuja kununua. Wakija wanunuzi wa hoteli, bei inapanda. Wakiwapo wakaanga samaki peke yao, kila mmoja anahesabu faida yake ya jioni, na bei inatulia. Mvuvi amelala baharini usiku ule ule, amechoma mafuta yale yale. Matangazo ya YouTube huuzwa hivyo hivyo, kwa mnada, tofauti ni kwamba mnada huu hufanyika upya kila mtu anapoigusa video yako, na humalizika kabla hajapepesa jicho. Mtambo wa Google, ambao ndio wenye YouTube, unaangalia mtazamaji yuko nchi gani, simu yake iko katika lugha gani, siku za karibuni amekuwa akitafuta nini. Wenye matangazo wameshaacha maagizo yao: mtu wa namna hii niko tayari kumlipia hiki, wa namna ile simtaki. Anayeshinda, tangazo lake linaonekana. Asipopatikana wa kutoa bei, video inaanza bila tangazo, na kutazamwa kule kunakuwa kwa bure.

Hata tangazo likionekana, si lazima mtu alipe. Yale matangazo unayoweza kuyaruka baada ya sekunde 5, kwa kawaida mwenye tangazo hutozwa pale tu mtazamaji anapotazama sekunde 30, au tangazo lote kama ni fupi kuliko hapo, au anapolibonyeza. Akiruka kwenye sekunde ya sita, aghalabu hakuna kitu. Yale ya sekunde 6 yasiyorukika yana hesabu nyingine, hulipiwa kwa idadi ya mara yanapoonyeshwa. Nakusihi hapa usije ukawaomba wafuatiliaji wako wakubonyezee matangazo wakusaidie, wala usiombe ndugu waiache video icheze usiku kucha. Google huhesabu huo kuwa udanganyifu, na wakiifunga akaunti ya AdSense, ile ambayo Google hukulipia hela ya matangazo, kuirudisha ni kazi ngumu mno. Nimewaona watu wazuri, wenye kazi safi, waliopoteza kila kitu kwa sababu ya upendo wa kundi la familia la WhatsApp.

Hela ikishalipwa ndipo inagawanywa. Kwa video ndefu, wewe unachukua asilimia 55 na YouTube asilimia 45. Mgawo huo ni huo huo kwako, kwa shemeji na kwa yule kijana wa Texas mwenye wafuatiliaji milioni nane.

Sasa fungua Studio ya YouTube, nenda kwenye uchanganuzi, kisha sehemu ya mapato. Utaona herufi CPM na RPM, na watu wengi hapo ndipo wanapojidanganya. CPM ni hela anayotoa mwenye tangazo kwa kila matangazo 1,000 yaliyoonyeshwa, kabla YouTube hawajachukua chao. RPM ni ile inayobaki kwako kwa kila mara 1,000 video zako zilipotazamwa, ziwe zilipata tangazo au hazikupata. Tuseme video imetazamwa mara 1,000, na katika hizo 400 tu ndizo zilizopata tangazo moja moja. CPM ikiwa dola 4, kilicholipwa ni dola 1 na senti 60. Asilimia 55 yake ni senti 88. Kwa hiyo kwenye CPM unasoma 4, mfukoni unaingiza 0.88. Wewe soma RPM.

Tumpigie hesabu shemeji: dola 38 kwa mara 21,000 ni kama dola 1 na senti 81 kwa kila 1,000. Yako ni dola 11 kwa 380,000, ambayo haifiki hata senti 3 kwa kila 1,000. Amekuzidi zaidi ya mara 60. Pengo hilo lina sababu mbili, na kubwa ni kwamba video yako ilikuwa fupi.

Video fupi, zile ziitwazo Shorts, zina mfuko wao, ulioanza tarehe 1 Februari 2023. Pale mtu anaposukuma kidole kutoka video moja hadi nyingine, tangazo hutokea katikati, kati ya vitumbua vyako na mpira wa mtu mwingine. Huwezi kusema ni tangazo la nani kati yenu. Basi hela hizo hukusanywa pamoja mwezi mzima. Kwanza muziki hulipiwa: video iliyotumia wimbo mmoja, nusu ya hela inayohesabiwa kwa kutazamwa kwake huenda kwa wenye muziki, na iliyotumia nyimbo mbili, theluthi mbili. Kinachobaki ndicho mfuko wa wenye chaneli, nao hugawanywa nchi kwa nchi kulingana na sehemu yako ya watazamaji wa nchi hiyo. Katika fungu lako unabaki na asilimia 45. Utasikia watu wakisema ukiacha muziki asilimia yako inapanda. Si kweli, 45 ni 45, uwe umeweka wimbo au hukuweka.

Ona basi yaliyokupata: vitumbua vilitazamwa sana, nadhani kwa wingi Tanzania na Kenya, ambako mifuko ya matangazo ya video fupi bado ni midogo, na mfuko wenyewe ukagawanywa kwa kila mwenye video fupi aliyetazamwa katika nchi hizo mwezi ule. Tena kila kutazama kwako kulikuwa kwa sekunde chache.

Shemeji naye ana bahati ambayo pengine hajaijua. Nani anatazama dakika 14 za msingi, nondo na bei ya matofali kwa Kiswahili? Ni mtu anayejenga, au anayejiandaa kujenga. Wengi wao wako mbali: muuguzi aliyeko Uingereza, dereva aliyeko Muscat, kijana aliyeko Minnesota, kila mmoja ana kiwanja Kibaha au Mtwapa na anaogopa fundi atamdanganya. Mtu huyo anagombaniwa. Benki inataka akope kwao, kampuni za kutuma fedha zinataka atume kupitia kwao. Na kwa kuwa yuko nchi ambako bei za matangazo ziko juu, mtazamaji mmoja wa namna hiyo anaweza kuwa na thamani ya watazamaji wengi wa huku.

Hili la mwisho huniuma, na sitalifunika. Mwaka 2024 matangazo ya YouTube yaliiingizia kampuni mama zaidi ya dola bilioni 36, na kwenye mnada huo jicho la mtu wa Tanga huuzwa bei ya chini kuliko jicho la mtu wa London, ingawa wamekaa dakika zile zile wakitazama kitu kile kile. Mtambo hauna chuki na mtu, unafuata hela ya wenye matangazo. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyekesha ukihariri, maelezo hayo hayapozi. Ninachokuomba ni kwamba usije ukakata tamaa ukaanza kuiga video za Kiingereza kwa kuwafuata Wamarekani. Huko utakutana na wapishi maelfu wenye majiko ya kioo. Kiswahili chako cha pwani ndicho kinachokutofautisha, nao Waswahili wenye kutazamwa kwa bei nzuri wapo.

Katika chaneli yako ningeanza na haya. Ile video fupi usiifute wala usiidharau. Ni mwaliko. Kwenye Studio kuna sehemu ya kuunganisha video fupi na video nyingine ya kwako, mtazamaji akaibonyeza akapelekwa huko. Mtayarishie basi video ndefu ya vitumbua, yenye yale ambayo sekunde 40 haziwezi kubeba: mchele wa kuloweka ni upi, hamira kiasi gani, kwa nini vya jirani vinashiba mafuta na vyako havishibi. Video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka matangazo katikati. Zamani, kabla ya Julai 2020, ilikuwa lazima zifike 10. Lakini usivute maneno ili dakika zitimie. Mtu akichoka anatoka, na akitoka katikati hata tangazo la mbele halimkuti.

Na mahali pa kuliweka hilo tangazo pana maana yake. Nimeitazama video yako ya pweza wa nazi. Tangazo limeingia pale pale ulipoinua kifuniko, mvuke unatoka, unasema "sasa angalieni rangi". Pale mtu anakasirika, anaondoka. Uliliacha lijiwekee lenyewe. Kwenye vitumbua, liweke unapofunika bakuli kwa kitambaa na kusema tunauacha unga uumuke. Hapo hata jikoni kwenyewe watu hupumzika. Tangazo likija wakati huo halimkatizi mtu chochote, na atalingoja liishe kwa sababu anataka kuona unga umepandaje.

Katika video hiyo hiyo ya pweza, kuanzia dakika ya tano inasikika taarabu kutoka redio ya jirani. Ni nyimbo nzuri, lakini zina wenyewe. YouTube ina mtambo unaotambua nyimbo, unaoitwa Content ID, na mwenye wimbo akishaudai anaweza kuchukua mapato ya video yako. Angalia orodha ya video zako kwenye Studio, sehemu ya masharti. Ukikuta neno hakimiliki, fungua, kata kipande hicho au kifute sauti. Zana za kufanyia hivyo zimo mle mle, huna haja ya kupandisha video upya.

Kitu kingine ukiangalie leo. Unapopandisha video, YouTube inakuuliza kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa faini ya dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na tangu Januari 2020 video za watoto haziwekewi matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake, kwa hiyo mapato yake huanguka. Akina mama wengi hujibu ndiyo, wakifikiri wanaulizwa kama video ni ya heshima, inafaa kutazamwa na watoto. Nilikuta chaneli ya ushonaji iliyojibu ndiyo kwenye video zake zote, miaka miwili, mwenyewe akishangaa kwa nini haandikiwi kitu. Vitumbua vyako ni kwa ajili ya wanaopika. Jibu hapana.

Kisha panga mwaka wako kwa kuangalia wenye matangazo wanapotoka na mifuko. Oktoba hadi Desemba bei hupanda dunia nzima, Januari zinaporomoka. Usiogope ukiona nusu ya mapato imetoweka kwa wiki moja, ni kampuni zimemaliza bajeti ya mwaka. Kwa mpishi wa pwani iko Ramadhani. Unga, mafuta, tende, kampuni za simu na za kutuma fedha, zote hutangaza. Video zako za futari zikae tayari mwezi mzima kabla ya mwandamo, kwa sababu mtambo unahitaji muda wa kujifunza nani wa kumpelekea. Na mfikirie mwenzako aliyeko Muscat au Manchester, anayetaka mkate wa kumimina kama wa bibi yake na hana makaa wala nazi mbichi. Mwonyeshe kwa oveni na tui la kopo. Video moja kama hiyo inaweza kukuletea kile alichoandikiwa shemeji, na hutakuwa umeondoka jikoni.

Tuje kwenye senti ambayo hujaishika. Google hawatumi malipo mpaka salio lifike dola 100. Likifika, mapato ya mwezi mmoja hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kabla ya hapo, salio linapopita dola 10, hutuma barua ya karatasi, kwa posta, yenye tarakimu 6 za kuthibitisha anwani yako. Barua hiyo ndiyo inayowakwamisha watu wengi huku kwetu, maana wengi hatuna sanduku la posta letu wenyewe. Yangu ya kwanza ilikaa wiki saba kwenye sanduku la shule niliyokuwa nimeazima anwani yake, ndani ya droo ya karani, chini ya fomu za michango. Ilikuwa bahasha nyembamba nyeupe, kingo za kuchana pande tatu, mtu asiyejua angeitupa. Kama umetumia sanduku la kazini kwa mume wako au la msikiti, nenda kamwambie anayelifungua jina lako na umbo la bahasha. Usipoingiza tarakimu hizo ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Barua ikipotea unaweza kuomba nyingine.

Pamoja na hilo, jaza fomu ya kodi ya Marekani ndani ya AdSense. Tangu Juni 2021, mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo ni asilimia 30, lakini ya fungu hilo tu. Usipojaza fomu, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtazamaji wa Pangani. Jina kwenye AdSense, kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki liwe moja, herufi kwa herufi. Kwa upande wa nyumbani, Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Waulize wao wenyewe chaneli ya mapishi iko kundi gani, na TRA, watu wa kodi, uwaulize habari ya mapato yako. Wasomaji wa Kenya wakumbuke kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi.

Hujauliza habari ya wadhamini, lakini kwa chaneli ya ukubwa wako nadhani huko ndiko kwenye hela ya haraka zaidi. Muuza unga wa mchele, duka la majiko ya gesi, mtu wa viungo: hao wanakulipa moja kwa moja, na YouTube haikati asilimia. Kwa wafuatiliaji 6,400 walio wapishi kweli, mwenye duka la Tanga ana sababu ya kukusikiliza. Mwonyeshe ukurasa wa watazamaji wako, wangapi wako mikoa ya karibu. Mkikubaliana, weka alama ya tangazo la kulipiwa pale YouTube wanapouliza, na bidhaa usiyoitumia jikoni kwako usiisifu. Wafuatiliaji wako watajua, kwa sababu wataipikia.

Kuhusu kuhamia ujenzi, sikushauri. Shemeji anajua nondo, na watazamaji wake wanaliona hilo katika dakika ya kwanza. Wewe nimekuona ukiushika mwiko. Kabla hujaamua lolote, fungua uchanganuzi wa ile video ya pweza, sehemu ya watazamaji, uangalie nchi. Ukikuta Oman, Uingereza au Marekani zimo katika tano za juu, video ndefu inayofuata iandae kwa ajili yao, kisha uniandikie RPM yake baada ya siku 28.